Chumba cha Mtoni na Mwandishi Aliye Hai

Jumatano, tarehe 1 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Mto umejaa na una hasira. Fundi Nogami, seremala wetu, aliingia na taa chini ya chumba cha mtoni, akatoka amechafuka mpaka masikioni, akasema nguzo zimeoza. Mvuke wa maji moto umezila kwa juu, mto umezila kwa chini. Theluji ikiyeyuka mwakani chumba kitaondoka na maji, tena hakitaondoka peke yake, kitachukua na jiko. Alisema hayo huku anatafuna andazi letu!

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Ana miaka themanini na nne. Nyumba hii ya wageni ni yake, chemchemi ni yake, na mimi pia ni wake: niliingia ukoo wa Utsugi kwa ndoa, nikaacha jina la baba yangu, na kazi yangu ni kupokea mizigo ya wageni na kupokea maagizo. Akasema chumba kibomolewe kabla theluji haijaanguka. Kisha akamwambia Bi Fusae, mhudumu wetu, aongeze figili kwenye mchuzi.

Kibomolewe! Mke wangu Mineko alimaliza siku zake katika chumba kile, na Mineko ni binti yake wa kumzaa. Mwaka wa tatu huu. Sitaki kibomolewe. Siwezi kulisema hili mbele za watu, kwa hiyo naliandika hapa. Nikikaa pale naona kama ametoka kidogo tu.

Jioni nikapata wazo. Ng'ambo ya daraja, Kurahashi, mwenye nyumba ya wageni kama yetu, ana chumba ambamo mwandishi mmoja mkubwa, marehemu sasa, alilala na jino bovu. Alilala mara moja tu! Lakini mlangoni pana jiwe lenye mistari yake mitatu, na mabasi ya wasomaji hayaishi. Nani atathubutu kukibomoa chumba kile? Nikamwambia Mama: na sisi tukipata mwandishi je? Akauliza atatoka wapi. Nikasema niachie mimi. Akanitazama vile anavyotazama samaki wa juzi. Mwishowe akasema haya, mwandishi akiandika juu ya chumba hicho kabla majani mekundu hayajaisha kuanguka, ataweka nguzo mpya. Asipoandika, Nogami alete nyundo.

Ijumaa, tarehe 3 Novemba

Amekuja! Mwalimu Hozumi Tansai mwenyewe. Shuleni tulisoma hadithi yake ya mzee wa kivuko, mwalimu wetu wa darasa akalia mbele yetu sote. Sikujua kama bado yu hai. Nilipiga simu kwa kubahatisha, akapokea yeye. Aliuliza mambo mawili tu: chakula ni nini, na hamamu ya nje ipo? Habari ya hadithi hakuuliza. Mtu mkubwa hana papara, nikajiambia.

Ni mfupi, kipara kinang'aa, masikio makubwa. Mbinu yangu kwake ni ya kale na ya heshima. Zamani wachapishaji wa mji mkuu waliwafungia waandishi wavivu katika nyumba za maji moto kama hii yetu. Mlinzi mlangoni, hakuna kutoka mpaka kurasa zitimie. Vitabu vyote vya maana vya nchi hii vilipatikana hivyo, naamini. Nimempa chumba cha mtoni, meza ya chini, seredani yenye makaa, karatasi na wino. Mimi nimekaa ukumbini nje ya mlango wake wa karatasi, nimepiga magoti, miguu imekufa ganzi.

Kurahashi akapita kuazima ngazi. Hana haja ya ngazi, ana ngazi mbili. Akachungulia, akacheka meno yote nje. "Sakuhei, huyo wako si bado anapumua? Mwandishi hai ni hasara, bwana. Anakula!" Jibu zuri sana lilinijia: kwamba wa kwake hakula kwa sababu ya jino. Lilinijia Kurahashi akiwa amekwisha kuvuka daraja. Nikamwambia Bi Fusae badala yake, akasema ni zuri.

Jumapili, tarehe 5 Novemba

Kurasa: hakuna hata moja. Mwalimu anakula kama anajiandaa kwa safari ya miezi. Samaki wa mto wa kuchoma, uyoga, mchuzi wa nguruwe mwitu, wali, wali tena. Halafu analala. Jana nilikohoa nje ya mlango kumkumbusha kazi. Na yeye akakohoa.

Leo mchana kulikuwa kimya kabisa mle ndani. Nikafurahi. Kimya cha kazi! Bi Fusae akaja na chai, akafungua mlango, hamna mtu. Dirisha wazi. Mzee wa miaka sabini na tisa katoroka kwa dirisha!

Nilijua pa kuanzia. Hapa Yunokubo kila nyumba ya wageni ina yukata yake, vazi la kuogea, lenye nakshi yake. Mgeni akipita barabarani na mitalawanda yake ya mbao, ko-ko-ko, mji mzima unajua ni wa nani. Yetu ina majani ya mianzi. Muuza mayai ya kuchemshwa chemchemini akasema wa mianzi amepita, kanunua mawili. Mwanamke wa tiketi kwenye hamamu ya juu akasema wa mianzi ameoga na kutoka. Nikamkuta wapi? Kwa Kurahashi! Yumo majini mpaka shingoni, uso mwekundu, na Kurahashi amechuchumaa pembeni anamsimulia habari za lile jino. Mwalimu akanipungia mkono. Akasema maji ya huku ni laini kuliko yetu.

Nilimrudisha nyumbani, nikagongelea misumari kwenye dirisha. Mama alisikia nyundo, akauliza kama Nogami amekwisha kuanza.

Jumanne, tarehe 7 Novemba

Nimebadili mbinu. Hadithi ikichelewa, sifa itangulie! Nimetoa picha ya Mwalimu kwenye jalada la kitabu chake cha zamani, ile aliyopigwa akiwa na nywele, nikaipeleka kwa mpiga picha wa mtaa wa juu aikuze. Akauliza ni ya nini. Nikasema ya kuweka mlangoni, watu wapate kumkumbuka Mwalimu. Akavua kofia. Akaitia mwenyewe kwenye fremu nyeusi nzuri, akainama mara mbili. Watu wa sanaa wanaheshimiana.

Nimeiweka kwenye meza ya ukumbi wa mlangoni, juu ya kitambaa cheupe. Maonyesho ya maua ya krisantemu yamekwisha leo pale hekaluni, wakanipa meupe yaliyobaki, ndoo nzima. Na kwa kuwa ukumbi ule unanuka uyoga, nikachoma ubani. Kibao nimekiandika kwa mkono wangu: "Mwalimu Hozumi Tansai alikaa nasi hapa." Bi Fusae alipita, akasimama, akafungua mdomo, akaufunga. Nikamwambia kama ana neno aseme. Akasema hana, ila yeye asingeweka ubani.

Wivu tu.

Jumatano, tarehe 8 Novemba

Ni aibu, lakini niandike.

Asubuhi wanawake wawili wa chama cha wasomaji cha mji wa jirani walipita mbele ya nyumba wakienda kuosha miguu chemchemini. Wakaona picha. Wakaingia, wakafumba macho, wakaunganisha viganja, wakaanza kulia. Nikatoka mbio kuwakaribisha. Mmoja akauliza ilikuwa lini. Nikasema Ijumaa. Akauliza kama aliteseka. Nikasema hata, alikula vizuri mno. Wakazidi kulia. Hapo ndipo nilipoitazama ile meza kwa macho yao: fremu nyeusi, maua meupe, moshi unapanda polepole. Ole wangu! Nimemfanyia Mwalimu matanga, na yeye yuko hamamuni anapiga mluzi!

Nilipaswa kusema palepale. Mdomo ulikwisha kufunguka. Lakini yule mkubwa wao akauliza, kwa sauti ndogo, kama wangeruhusiwa kukiona chumba. Hakuna aliyeomba kukiona chumba kile kwa miaka mitatu. Nikasema karibuni.

Waligusa meza. Walitazama mto. Yule mkubwa akasema ni chumba kizuri sana cha mtu kupumzikia. Kweli ni kizuri. Wakaacha maandazi ya maharage matamu mbele ya picha wakaenda zao. Mwalimu alipotoka kuoga aliyala yote, akauliza nani mwema kaleta.

Ijumaa, tarehe 10 Novemba

Basi! Basi zima limesimama mlangoni kwetu! Habari zimeruka. Watu wamevaa nyeusi, wengine wameshika vitabu vilivyochakaa. Kurahashi alisimama darajani amekunja mikono, uso umemshuka. Laiti Mineko angeuona uso ule.

Mwalimu nilikuwa nimempeleka chumba cha nyuma kwa Mama, nikamwomba Mama amshike kwa karata mpaka mchana. Mama hakuuliza kwa nini. Hilo peke yake lingetosha kunitia wasiwasi.

Niko katikati ya maelezo, nimefika pale Mwalimu alipotazama mto kwa mara ya mwisho, nikainua macho. Mwisho wa foleni kuna mzee mfupi mwenye kipara, yukata ya mianzi, viganja vimeunganishwa. Ndiye! Hakuna aliyemtambua, picha ina nywele. Mama mmoja wa kiwiliwili kikubwa akamgeukia: "Babu wewe, huna hata haya? Unakuja kwenye msiba na nguo ya kuogea?" Mwalimu akaomba radhi. Akamuuliza kama alimjua marehemu. Yule mama akasema hapana, ila kaka yake alipofia mgodini, yeye alikuwa anasoma ile hadithi ya kivuko kila siku mpaka akaweza tena kula. Bwana mmoja akadakia, akasema kwa kweli yeye alidhani huyu mtu alikufa zamani, maana baada ya ile hakuandika tena cha maana. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli," akasema. "Alizembea."

Nikangoja ngurumo. Haikuja. Basi likaondoka, Mwalimu akaingia ndani bila kunitazama. Wakati wa chakula mlango ukafunguka, akaingia na yukata ameifunga upande wa kulia juu, vile tunavyowavalisha maiti. Bi Fusae akapiga ukelele, mchuzi wote mikekani. Mwalimu akaketi, akasema marehemu ana njaa. Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. Sijamsikia Mama akicheka tangu Mineko. Mimi nilikuwa nimeanguka kifudifudi kuomba msamaha, paji la uso ndani ya mchuzi.

Jumamosi, tarehe 11 Novemba

Picha nimeitoa, ubani nimemwaga. Mwalimu akaniita chumbani. Nilijua anaaga. Kumbe sivyo. Akasema amekaa humu siku zote hizi na hajaambiwa lolote juu ya chumba chenyewe.

Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikamweleza habari nzito nzito: mbao za mwerezi, babu yake Mama aliyekijenga, gharika iliyopita pembeni bila kukigusa. Akasikiliza huku macho yako mtoni. Halafu akauliza mbona nakipenda hivi.

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema Mineko alizoea kukalia ubao wa dirisha lile, miguu inaning'inia nje, anamenya matunda ya kaki na kuangusha maganda mtoni, Mama anamfokea kutoka jikoni kwamba wageni wanaona. Alipougua alitaka dirisha liachwe wazi hata kwenye baridi, asikie maji. Alinituma mpaka mwisho. Siku ile aliniambia nimesahau taulo za wageni nje na mvua inakuja. Nikaenda kuzianua. Zilikuwa nyingi, nyumba ilijaa, nikazikunja kabisa hukohuko ili asinilalamikie. Niliporudi alikuwa amekwisha kwenda. Mvua yenyewe haikunyesha.

Chai ilipoa. Mwalimu hakusema pole, aliendelea kutazama dirisha lile. Nimejilaumu jioni nzima. Mchana mzima wa mwandishi nimeupoteza kwa mambo yangu ya nyumbani!

Jumatatu, tarehe 13 Novemba

ANAANDIKA. Tangu jana. Trei inarudi kama ilivyokwenda, hata samaki hakuguswa. Misumari ya dirishani nimeing'oa, hatoki hata mlango ukiwa wazi. Mama amekataza mtu yeyote kupita ukumbini na mitalawanda. Mimi nimelinda mlango kwa mazoea.

Alasiri akatoka na bahasha. Macho mekundu, vidole vyeusi kwa wino. Akaipeleka posta mwenyewe, inakwenda kwa gazeti la mkoa. Nikamwomba anionyeshe japo ukurasa mmoja. Akasema nitasoma pamoja na wengine. Akaoga, akala bakuli tatu, akampa Mama mkono, akapanda basi la kwenda stesheni. Darajani alimwambia Kurahashi kwamba maji yake ni laini, lakini hayana la kusema.

Nimempelekea Nogami vipimo vya nguzo mpya. Akasema anavyo.

Jumapili, tarehe 19 Novemba

Imetoka! Nusu ukurasa wa gazeti la Jumapili. Chini wameweka maandishi madogo kwamba Mwalimu Hozumi yu mzima, na habari za kifo chake zilikuwa kosa. Ya nani, hawakusema. Ahsante yao.

Mama alisoma kwa sauti jikoni, miwani puani. Tulikuwa Bi Fusae, Nogami na mimi. Chumba chetu, jamani! Mto wetu! Kaki, maganda, taulo, yote yamo. Jina la Yunokubo limetajwa mara mbili. Nikamwomba Mama arudie pale penye jina.

Halafu mwisho. Yule mjane wa kwenye hadithi, baridi inapoingia, anakibomoa chumba kwa mikono yake. Ubao mmoja mmoja. Mbao anazipeleka kwenye tanuri la hamamu, anawapashia wageni maji, na wageni wanasema leo maji ni laini. Pale palipokuwa chumba panabaki hewa tupu na sauti ya mto. Anainama mbele ya ile hewa, anaenda kuanika taulo. Imeisha.

Bi Fusae alikuwa analia ndani ya aproni. Nogami akasema kweli mwerezi mkavu unawaka vizuri. Nikapaza sauti nikasema ni uongo mtupu, sijabomoa kitu, sijachoma kitu! Mama akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema aliahidi, mwandishi ameandika, nguzo zitawekwa. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama sioni kwamba yule mtu wa gazetini ametulia kuliko mimi. Nikasema yule hakumjua Mineko, atakosaje kutulia.

Nimeshinda. Sijui kwa nini sina raha.

Jumamosi, tarehe 25 Novemba

Balaa. Wamekuja watu tele, kila mmoja na kipande cha gazeti amekikunja kwenye pochi. Wakaomba kuonyeshwa mahali palipokuwa chumba. Nikatabasamu mpaka masikioni. Nikasema nina zawadi bora kuliko hiyo! Nikawaongoza ukumbini, nikafungua mlango wa karatasi kwa mikono miwili.

Hakuna aliyeingia.

Mama mmoja akauliza, kwa hiyo hukukibomoa? Nikasema sikukibomoa, mama, hiki hapa, ingieni! Akanitazama kana kwamba nimemwibia. Walikuwa wamesafiri kuja kuona mahali patupu, na mimi nawapa mikeka na meza. Bwana mmoja mwenye skafu akasema polepole, "Basi hukumpenda kiasi kile." Kiasi kipi? Nani anapima? Nilitaka kumshika ile skafu. Nikainama, nikasema ahsanteni kwa kuja.

Chai hawakunywa. Darajani Kurahashi alikuwa amekwisha kujipanga. "Nyumba ile bwana, kwanza walimuua mwandishi, akafufuka. Halafu wakaua chumba, nacho kimefufuka! Njooni kwangu. Wangu amekufa kweli." Basi zima likavuka.

Watu wawili walioweka nafasi kwa wiki ijayo wamepiga simu kujitoa. Mama akasema sasa hata wageni wanataka kibomolewe, na ahadi aliyotoa ilikuwa ya kuiokoa nyumba, si ya kuizamisha. Nogami ameleta nguzo mpya, na nyundo kubwa pia ameileta. Jumatatu Mama atamwambia ashike ipi.

Jumapili, tarehe 26 Novemba

Akili haijaniisha. Chini kidogo ya nyumba, nyuma ya mianzi, kuna uwanja mdogo ukingoni mwa mto. Palikuwa na banda la bata. Leo nimeufagia, nikang'oa majani, nikapanga mawe manne pale ambapo nguzo zingekuwa. Hewa tupu ya kutosha! Sauti ya mto ni ileile. Chumba cha kweli nimekifunga madirisha, nimekitundikia mikeka ya matete kwa nje, ukikiona utadhani ni stoo ya kuni.

Bi Fusae alinishikia kamba. Akauliza wakiuliza je. Nikasema hawatauliza, watalia.

Jumatatu, tarehe 27 Novemba

Basi lilifika kabla ya saa sita. Nogami alikuwa jikoni na Mama, anangoja amri. Nikawapeleka wageni nyuma ya mianzi, nikasimama mbele ya mawe, nikasema, "Kilikuwa hapa."

Wakavua kofia. Hakuna aliyekohoa. Nikawaacha wasikilize mto, nikasema moyoni, Kurahashi, umekwisha leo.

Bibi mmoja mwenye fimbo akasogea akanishika mkono wa nguo. Akauliza mbao nilifanyaje. Nikasema nilizichoma, kama ilivyoandikwa. Akauliza lile dirisha alilokuwa anakalia mke wangu lilikuwa upande gani. Jibu nilikuwa nalo tayari, nililifanyia mazoezi jana na Bi Fusae. Nikanyoosha kidole. Kidole kikaelekea mtoni, na pale kwenye ncha yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na ubao, hapakuwa na miguu inayoning'inia. Hata wa kunituma hapakuwa. Nikalia. Si kulia kwa adabu, hapana. Makamasi, mabega, sauti yote nje, mtu mzima, kwa ajili ya chumba kilichosimama salama salmini nyuma ya mikeka. Yule bibi alinishika mpaka dereva akapiga honi. Hakuna hata mmoja aliyevuka daraja.

Mama aliyaona yote kwa dirisha la jiko. Bi Fusae amenisimulia. Anasema Mama alisimama pale muda mrefu, ubao wa kukatia mboga mkononi, halafu akamwambia Nogami: "Weka nguzo. Mtu anayelia hivi kwa chumba kilichosimama, kikianguka kweli tutampeleka wapi?" Nogami akachukua taa akaingia chini.

Ushindi! Lakini Mama, maskini, hakuelewa kitu. Ile ilikuwa kazi. Sanaa! Nilijiingiza sana nikashindwa kutoka, basi, wanaoigiza wanalijua hilo. Kumbe ninacho kipaji, na nilikipoteza miaka yote hii kwenye mizigo ya watu.

Kesho yanakuja mabasi mawili, na mliaji mmoja hatoshi. Jioni nimekwenda kwa Mama nikamshawishi aje na yeye kwenye mawe, mama wa marehemu mwenyewe, wageni watampenda. Nikamwonyesha namna ya kushika leso. Akaichukua leso, akaikunja, akasema hawezi, maana yeye akianza hatajua kunyamaza. Nikamwambia hiyo ndiyo nzuri, na asiwe na wasiwasi, dereva wa kesho hana haraka.